Mama Protokole, Aliyetupandisha Harusini

Tarehe kumi na tisa mwezi wa nane, kabla ya jua kufika katikati, tulimpoteza Mama Protokole. Alifia nyumbani kwa mama yangu, juu mlimani, kwenye njia ya kwenda Bibokoboko. Alikuwa amepanda huko kwa miguu yake mwenyewe, akiwaongoza wageni wa harusi ya binti yangu. Hapa chini Baraka, mji wetu wa ziwani, watu wanasema mlima ndio uliomuua. Wengine wanasema ni mimi niliyemuua. Wanalisema hilo kwa sauti ya chini ninapopita sokoni, lakini si ya chini sana.

Sitawajibu mmoja mmoja. Nitaandika jinsi alivyokuwa, maana nilipanda naye miaka mingi, kisha kila mtu abaki na maneno yake.

Kwetu protokole ni wale wanaopokea wageni harusini na kuwaonyesha pa kukaa. Mjini ni kazi ya vijana wenye viatu vya kung'aa, wanaosimama mlangoni mwa sale, ule ukumbi wa sherehe, na kitambaa begani. Yeye alikuwa protokole wa mlima. Familia ya pwani ya ziwa ikioa juu, ilimfuata kwake nyuma ya soko, alipokuwa akikaanga mandazi, na kumwomba awapeleke. Jina lake lilikuwepo, lakini hata mchungaji alimwita Mama Protokole, na yeye aliitika.

Alikuwa mfupi, mnene, na sauti yake ilikuwa ya kukwaruza kama ya mtu aliyetoka kulia, ingawa sikumwona akilia. Alitazama miguu ya mtu kabla ya uso. Siku chache kabla ya safari alikwenda kwa familia ya bwana harusi, akawasimamisha wote uani, akapita akikagua.

"Leta muguu," alisema.

Alishika kiatu, akakikunja, akabonyeza soli kwa kidole gumba. Msichana mmoja alimletea viatu vya kisigino kirefu, vyeupe, bado vikiwa na karatasi ndani.

"Hii ni nini?"

"Ni viatu ya harusi, mama."

"Ya harusi ya nani? Njo weye unaolewa?"

"Hapana, mama."

"Basi weka mu sakosi. Utavaa ku muto. Ukipanda navyo, tutakubeba, na mi naona hapa hakuna mwenye anaweza kukubeba."

Watu walicheka, na msichana alikasirika. Lakini siku ya safari alikuja na viatu vya plastiki, na vile vyeupe alivibeba kichwani, ndani ya mfuko.

Hilo la mto lazima nilieleze, kwa sababu ndilo lililokuwa kiini cha kazi yake. Mtu hapandi mlima na nguo za harusi. Anapanda na nguo za shamba, na nguo nzuri zinakuwa kwenye mzigo. Chini ya kila kijiji cha kwetu kuna kijito, na hapo alisimamisha msafara. Wanawake walikwenda upande wa juu wa kijito, wanaume upande wa chini. Wamama wawili walishika kitenge kama pazia, wengine wakanawa miguu, wakajipaka mafuta, wakavaa. Tukitoka pale tulikuwa kama watu walioshushwa na gari mlangoni.

"Muntu wa juu anajua umetembea," alisema. "Haiko lazima umuonyeshe vumbi."

Kwa muda mrefu nilidhani kituo kile ni kwa ajili yetu tu. Kisha ikaja harusi moja ambayo wajomba wa bwana harusi walikuwa na haraka. Walisema wamechoka kusimama, wakaruka kijito, wakaingia uani kwa bibi harusi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Wamama wa upande wa bibi harusi walikuwa bado na nguo za jikoni, masizi mikononi, nywele hazijafungwa. Walipowaona wageni walikimbia wote ndani na kufunga mlango. Wageni walisimama uani peke yao na mbuzi. Hakuna aliyetoka kuwasalimia. Masufuria yaliungua. Mpaka leo familia zile mbili zikikutana, kila upande unasema mwingine uliudharau. Kelele za wageni mtoni ndizo zinazowaambia wa juu: acheni kupika, vaeni. Watu wa mjini hawajui hilo, na yeye hakuwaeleza. Aliwaamuru tu.

Alikuwa na amri nyingi. Asubuhi ya safari hakuna kula bukari, ule ugali wetu, ni chai na andazi moja. Hakuna kubeba samaki mbichi. Watu wa ziwa wanafikiri samaki ni zawadi kubwa kuliko zote, na mlimani ni kweli samaki anapendwa, lakini awe mkavu. Mzee mmoja alikataa kusikia, akabeba mukeke waliovuliwa alfajiri ndani ya beseni. Jua lilipokuwa kali, Mama Protokole alimwambia mbele ya wakwe zake:

"Papa, samaki yako imefika ku harusi mbele yetu. Tuko tunasikia harufu yake kutoka kule."

Chumvi, sabuni, ndakala wakavu, yaani dagaa: hivyo ndivyo alivyotaka mtu abebe. Kila mmoja awe na sweta hata kama Baraka kuna joto la kuoka mkate, kwa sababu juu, jua likianza kuteremka tu, upepo unaingia mpaka ndani ya meno. Ukipita mbele ya nyumba, usalimie, hata kama huoni mtu, maana watu wanakuona. Ukipewa maziwa, unywe. Kama tumbo lako halipendi maziwa, gusisha midomo na umpe wa nyuma yako. Usiombe kiti. Usiondoke kabla ya kuachiliwa na wenyeji, lakini wakichelewa kukuachilia, mwambie yeye, naye atakohoa. Kukohoa kwake kulijulikana milima yote ile.

Na wa polepole ndio walitembea mbele. Mashangazi wanene, wazee, mwenye mimba, hao ndio waliopanga mwendo. Vijana walibaki nyuma wakinung'unika.

"Mama Protokole, hivi tutafika kesho!"

"Utafika na shangazi yako. Ukifika mbele yake, nani atacheza? Weye? Na hiyo kiuno ya mubao?"

Sitaki kumpamba. Alikuwa mwongo wa umbali. Ukimuuliza kama tumekaribia, alinyoosha mdomo kuelekea kilima fulani na kusema, "Pale tu." Nyuma ya kilima kulikuwa na kingine, na pale pia palikuwa pale tu. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikaa chini njiani akasema hatasikia tena neno hilo maishani mwake. Mama Protokole alimjibu kwamba angemwambia kweli, angerudi Baraka na zawadi zetu.

Alikataza kula njiani, lakini ndani ya kitenge chake alificha mayai ya kuchemsha, na alikula akigeukia porini. Aliomba Mungu kwa sauti kwenye kila mteremko, na kwenye kila jiwe lililomkwaza alitukana maneno ambayo siwezi kuandika. Hakuwapenda maharusi. Alisema wanajiona sana. "Harusi ni ya wale wametembea," alisema, na wakati wa ngoma alikwenda kukaa na wapishi, akivua viatu, asitazame kitu. Yeye mwenyewe hakufanyiwa harusi. Nilimuuliza mara moja tu, akaniambia nikaze kamba ya mzigo.

Jambo lingine, aliogopa ziwa. Mtu aliyewacheka watu wote kwa kuogopa mlima hakuwahi kupanda mtumbwi. Walimwalika harusi za Ubwari, walimwalika Kazimia, wakampa nafasi katikati ya boti ambapo maji hayafiki. Alisema anaumwa. Tulijua haumwi.

Na kulikuwa na barrière, kizuizi cha njiani. Njia yetu ina watu wa bunduki, leo hawa, kesho wale, na sitasema ni akina nani kwa sababu nataka kuendelea kupita. Sheria yake ilikuwa fupi: simu ndani ya mzigo, hakuna picha, salimia wewe kwanza, na tamka neno harusi lisikike. Aliwapa mandazi. Mimi sikupenda awape kitu, na nilimwambia. Alisema mtu anayetafuna hapigi kelele.

Siku moja kijana mwenye bunduki alitukatalia.

"Mugeuke. Leo hakuna kupita."

"Tuko naenda ku harusi, mutoto wangu."

"Nimesema mugeuke."

Mama Protokole aligeuka kweli, akatutazama sisi, akakaa chini katikati ya njia. Akatuambia tukae. Tulikaa wote, wamama, korali, mchungaji. Akaambia korali waimbe. Waliimba nyimbo zote walizokuwa wameandaa, wakarudia. Yule kijana alisimama, akatembea, akapiga simu, akarudi, akatazama jua. Mwishowe alisema tupite haraka kabla hajabadilisha mawazo. Tulipofika mbali nilishika mkono wa Mama Protokole kumvusha mtaro, na hakuuachia wangu mpaka kilima kilichofuata. Nimeandika hilo kwa sababu ni kweli. Alikuwa na woga kama sisi, lakini hakuwa tayari kurudi.

Sasa nifike kwenye harusi ya binti yangu.

Mimi ni mtoto wa juu. Nilishuka Baraka kwa kuolewa, mume wangu akafa, nikabaki. Mama yangu hakushuka. Miguu yake sasa inamfikisha mlangoni tu, na macho yake yanaona mtu akiwa karibu sana. Binti yangu alilelewa naye. Mama alikuwa na ombi moja, harusi ifanyike uani kwake. Kama ingefanyika Baraka, hangeiona, na tulijua hakuna harusi nyingine atakayoingojea.

Aliyekataa ni baba mkubwa wa bwana harusi, mfanyabiashara wa samaki mwenye boti zinazokwenda Kazimia. Alikuja kwangu na wazee wake, na mimi nilimwita Mama Protokole aje kusikia.

"Sale iko hapa karibu na barabara," alisema baba mkubwa. "Iko na viti, iko na sauti. Kule hata kanisa haina manjanja tena, mabati yote bameyatoa. Bageni bangu batakaa chini ya nini?"

"Chini ya mbingu," alisema Mama Protokole. "Unaona kama itabaanguka juu?"

"Mama, mi naheshimu weye. Lakini njia ni mubaya. Mi siwezi kupeleka batu mu hatari juu ya koko moja."

Nilimwona mama yangu mbele ya macho yangu aliposema koko moja, yaani bibi mzee mmoja tu. Mama Protokole ndiye aliyemjibu.

"Huyo koko moja njo alilea huyo bibi harusi yenye munataka. Munataka mutoto, hamutaki mulango kwenye ametokea? Mukioa mu sale, mumeoa sale."

"Na weye unaogopa maji!" Baba mkubwa alipiga paja, na wazee wake wakacheka. "Kila muntu na woga yake. Weye maji, mi mulima. Tuko sawa."

"Hatuko sawa. Maji inameza muntu. Mulima inamuchokesha tu."

"Mi sipande."

"Basi bakia. Lakini usifungie bengine mulango."

Bwana harusi, aliyekuwa ameketi nyuma ya wazee, alisema yeye atapanda. Hapo ikaamuliwa. Baba mkubwa aliondoka bila kunywa chai.

Kuna jambo watu wanapenda kulitaja, na nitalitaja mimi kwanza. Wakati ule miguu ya Mama Protokole ilikuwa imevimba. Usiku alilala ameketi kwa sababu akijilaza pumzi inakata. Muuguzi alimwambia moyo wake umechoka na asipande hata ngazi. Nilikwenda kwake, nikamwambia nimepata vijana wawili wanaoijua njia, wao watatuongoza. Alikuwa anakaanga mandazi. Alinyanyua mwiko.

"Banajua mahali pa kusimama?"

"Wanajua."

"Banajua kukohoa?"

Nilitazama miguu yake.

"Toka hapa," alisema. "Enda ukanunue chumvi."

Sikumzuia. Ninyi mnaosema ningemzuia, mlimfahamu? Ni nani kati yenu aliyewahi kumzuia hata kumwaga maji njiani?

Tulipanda. Hakufa njiani kama wengine wanavyosimulia. Alitembea mbele, pamoja na wa polepole, maana sasa na yeye alikuwa wa polepole, na vijana wa nyuma hawakunung'unika hata mara moja. Mtoni tulivaa. Yeye alikaa juu ya jiwe akitoa amri, akamrudisha kijana mmoja kufunga vifungo vya shati. Tulipoanza kupanda kipande cha mwisho, alituambia tutangulie na wimbo. Ilikuwa mara ya kwanza aingie harusini nyuma ya wageni.

Mama yangu alikuwa mkekani, mlangoni pake. Mchungaji alisimama uani na kitabu chake, upepo ukimgeuzia kurasa, akawa anazishika kwa kiwiko. Mama Protokole aliingia akiegemea bega la mkuu wa korali, na kabla hajapumua vizuri akaanza: wazee wageuzwe jua liwe mgongoni, watoto watoke mbele ya ng'ombe, yule anayepiga picha kwa simu akae chini, na maharusi wasogee.

"Basogee wapi?" aliuliza mchungaji. "Bako mahali pao."

"Basogee ku mulango. Mwenye nyumba haone mbali."

Basi binti yangu aliolewa akiwa karibu na mkeka kiasi kwamba gauni lilifunika miguu ya mama yangu. Mama alinyoosha mkono akashika uso wake, akaupapasa wote, paji, pua, kidevu, na mchungaji alingoja. Hakuna sale yoyote ambayo ingempa mama yangu jambo lile.

Siku iliyofuata wageni walishuka, na yeye hakuweza kushuka. Wanaume walitengeneza kipoyi, kile kiti cha miti cha kubebea wagonjwa, wakakileta mlangoni. Alikitazama, akasema yeye si mgonjwa wala si Mzungu wa zamani hata abebwe. Akabaki kwa mama yangu.

Nilipanda kumwona na dawa. Niliwakuta wawili wameketi jua la asubuhi, wanachambua maharagi na kugombana. Mama yangu alisema wageni hawakushiba. Mama Protokole alisema walishiba, ila walikuwa na tamaa. Walikuwa wanagombana hivyo, nadhani, tangu harusi iishe. Nilimwambia watoto wake wanataka kuja kumchukua.

"Kunipeleka wapi?"

"Nyumbani, mama. Karibu na hospitali."

Alitupa maharagi mabovu kwa kuku, akaendelea kuchambua.

"Sikia. Mi nikikufa huku, munizike huku."

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Banizike huku, na Baraka yote ipande. Bamezoea kuniambia juu ni mbali. Bapime benyewe."

Mama yangu, ambaye hasikii vizuri, aliuliza amesema nini. Nilimrudia kwa sauti. Mama alisema ni sawa, mahali papo, nyuma ya migomba. Wakarudi kwenye maharagi. Hayo yalikuwa mazungumzo yangu ya mwisho na yeye.

Sijui kama angeishi zaidi Baraka. Pengine angeishi. Muuguzi alisema moyo ule ungesimama popote, lakini muuguzi pia hajui yote, na mimi sitadanganya ili nilale vizuri. Ninachojua ni kwamba kufa kitandani nyuma ya soko, akisikiliza watu wakiagana kwenda harusini bila yeye, hilo alikuwa amelikataa. Na anayesema kwa sababu hiyo sasa harusi zote zifanyike chini, anatumia kifo chake kusema jambo alilolipinga uhai wake wote.

Alipokufa, mwanawe mkubwa alipanda na vijana wa kumshusha. Alinikuta nimesimama kwenye njia ya migomba. Nilimwambia maneno ya mama yake kama alivyoyatamka. Alinitazama kwa hasira.

"Mama wangu azikwe porini? Nani atapanda kumulia?"

"Wale wanaompenda," nilisema. Sijawahi kumjibu mwanaume hivyo. Mama yangu alirudia maneno yale yale kutoka mlangoni, bila mtu kumuuliza. Mwanawe alikaa chini akalia, kisha akatoa simu, akatafuta mahali penye mtandao, akawaambia wa Baraka kwamba mazishi ni juu.

Walipanda. Wauza mandazi walipanda, wachungaji wa makanisa mawili, shehe mmoja ambaye binti yake Mama Protokole alimpeleka harusini zamani, maharusi wa miaka mingi wakiwa na watoto migongoni. Hawakuwa na mtu wa kuwaongoza. Walikosea njia mara mbili, wakasalimia nyumba, wakaulizia. Tulimzika nyuma ya migomba.

Watu walipokuwa wanakula, nilimwona baba mkubwa wa bwana harusi akiingia uani, wa mwisho kabisa, shati limegandana na mwili, anashika kiuno. Alisimama akitafuta pa kukaa. Mama yangu hakumwona mpaka aliposogea karibu kumpa pole.

"Njo weye nani?"

Alijitaja. Mama yangu aliushika mkono wake.

"Aa. Umechelewa, papa. Lakini chakula iko."

Alimsogezea sahani ya bukari na sombe ya majani ya muhogo. Baba mkubwa alikaa chini pembeni mwa mkeka, akanawa, akala yote, akaomba aongezewe.